Kuteremka Mto Ruvuma kwa kayaki ya baharini: namna ya kupanga safari ya siku nzima

Mto Ruvuma una urefu wa takriban kilomita 800, na sehemu kubwa ya urefu huo ndiyo mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji. Mwongozo huu hauhusu mto mzima. Unahusu kipande cha mwisho tu, kinachopita kwenye nchi tambarare ya Mkoa wa Mtwara, kuanzia maeneo ya Kitaya, kupitia kivuko cha Kilambo, hadi kwenye mikoko ya maingilio ya mto baharini. Juu zaidi, kuelekea Daraja la Umoja la Mtambaswala lililofunguliwa mwaka 2010, safari huwa ya siku nyingi na msaada huwa mbali, kwa hiyo huko si mahali pa safari ya siku moja. Kipande cha chini kinaifaa kayaki ya baharini kwa sababu mto ni mpana, chombo kirefu kina nafasi ya kugeuka, na katika saa za mwisho za safari maji yanayokubeba au kukuzuia si ya mto tena bali ni ya bahari.

Kwa kawaida watu hupanga safari ya mto kwa kuanzia pale wanapoingia majini: tutaondoka saa fulani, tutapiga kafi saa kadhaa, tutafika tutakapofika. Kwenye Ruvuma hesabu huanzia mwisho. Kwanza hujulikana saa ambazo maji yatakuwa yanapwa kwa upole kwenye maingilio, kisha hutafutwa saa ya kufika huko kabla upepo wa mchana haujakaza, na ndipo, kwa kurudi nyuma, hupatikana saa na mahali pa kuanzia. Nguvu za mikono hazisaidii sana ikiwa saa hizo zimekosewa. Mtu wa kawaida katika kayaki iliyosheheni huenda kilomita 4 au 5 kwa saa, na maji ya bahari yanayopanda mto yanaweza kumla sehemu kubwa ya mwendo huo huku akitoka jasho na kuuona mkoko uleule ubavuni mwake.

Ruhusa kabla ya yote

Mto huu ni mpaka wa nchi, na ulinzi wake umekazwa kwa sababu zinazojulikana. Tangu Oktoba 2017 Jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, limekuwa na mashambulizi ya wanamgambo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa, na Machi 2021 ulishambuliwa mji wa Palma, ulio kusini ya maingilio ya mto. Kwa hiyo swali la kwanza ni hali ya usalama ya wiki ileile unayotaka kusafiri, na wenye kulijibu ni vyombo vya ulinzi, si dereva wa bodaboda wala mwenyeji aliyekwenda huko mwaka jana.

Anza katika ofisi ya mkuu wa wilaya, kisha polisi na uhamiaji, na baada ya hapo nenda kwa watendaji wa vijiji viwili: kile utakachoanzia na kile utakachoshukia. Sehemu ya chini ya mto imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuingia humo kuna taratibu na malipo yake. Yamalizie Mtwara mjini kabla ya siku ya safari. Omba ruhusa kwa maandishi, na katika barua taja majina ya wasafiri, idadi ya vyombo, rangi ya kila kayaki, mahali pa kuanzia, mahali pa kumalizia, na saa mnazotarajia kupita Kilambo. Rangi si jambo dogo. Askari anayeona kwa mbali chombo chembamba cha aina asiyoizoea, kikienda kimyakimya kando ya mpaka, ana haki ya kukitilia shaka, na taarifa aliyoipata mapema ndiyo itakayompa utulivu. Kila msafiri abebe kitambulisho chake pamoja na nakala ya barua ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu karatasi iliyo kwenye kayaki ya mwenzako haikusaidii mkitengana.

Ukikataliwa, kubali bila mabishano na upeleke safari Lindi. Mto Lukuledi ni mdogo kuliko Ruvuma, lakini mkono wake wa bahari unaingia ndani mbali, hauna mpaka wa nchi, na unaweza kupanda na maji yanayojaa asubuhi na kurudi na maji yanayopwa ukiutazama mji wa Lindi upande mmoja na Kitunda upande wa pili. Kina cha Lukuledi si cha kudharau: mwaka 1914 meli ya Kijerumani iitwayo Präsident ilijificha humo hadi mabaharia wa manowari ya Kiingereza Chatham walipoikuta mwezi Oktoba. Karibu kila kitakachosemwa hapa chini kuhusu kujaa na kupwa kwa maji kinafaa huko pia.

Ukiruhusiwa, kuna sharti moja ambalo halina mjadala: hakuna kushuka ukingo wa kusini, hata kwa kunyoosha miguu. Kushuka huko ni kuingia Msumbiji bila kupita uhamiaji. Watu wa kando ya mto, Wamakonde wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, wana ndugu pande zote mbili na wana namna zao za kuishi na mpaka. Mgeni mwenye kayaki hana hadhi hiyo na asijifanye anayo.

Msimu, mwezi na saa

Mvua za kusini hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Katika miezi ya Januari hadi Aprili mto hujaa, maji huwa ya tope, magogo huteremka nayo, na kingo humong'onyoka. Huo si wakati wa safari hii. Baada ya hapo maji hupungua mwezi hadi mwezi, mpaka ifikapo Oktoba mto mpana unakuwa mafungu ya mchanga yenye mikondo michache kati yake. Kuhusu kina, Ruvuma umewahi kuwavunja moyo wenye vyombo vikubwa zaidi: Machi 1861 David Livingstone aliingia na stima Pioneer akalazimika kugeuka baada ya safari fupi kwa sababu maji yalikuwa yanapungua, na aliporudi Septemba 1862 alipanda kwa mashua ndogo.

Kayaki huhitaji maji ya kina cha shubiri moja tu, kwa hiyo wengi wangechagua Oktoba, wakati upepo wa kusi umeshalegea. Maoni yangu ni tofauti: Juni ni bora. Ni kweli kwamba kusi ya Juni ni kali, lakini safari hii haitoki kwenye bahari ya wazi, na anayemaliza kabla ya alasiri hukutana na sehemu ndogo tu ya ukali huo. Oktoba, kwa upande mwingine, maji ya kina hubaki kwenye mikondo michache na vidimbwi vichache, na humo ndimo viboko wote wanamojikusanya. Afadhali upepo usoni kuliko kugombea mkondo mmoja na kundi la viboko. Tena mashua ya injini itakayowasindikiza, ambayo nitaieleza baadaye, haiwezi kufuata kayaki kwenye maji ya shubiri.

Baada ya kuchagua mwezi wa kalenda, chagua siku ya mwezi wa angani. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila kipindi kikichukua zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na mkondo wake ni wa upole. Jambo ambalo wavuvi wa Mtwara hulijua bila kutazama jedwali ni kwamba saa hazibadiliki ovyo: wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku; lakini wakati wa maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi.

Mtu anayesikia kwamba bamvua lina nguvu hudhani ndilo litakalomsukuma vizuri kuelekea baharini. Tazama kitakachotokea. Ataingia majini saa moja asubuhi akiwa mbali juu, ambako maji kupwa hayamsaidii chochote kwa kuwa bado yuko kwenye mto mtupu. Itakapofika saa nne na yeye kukaribia sehemu inayofikiwa na bahari, maji yatakuwa yamemaliza kupwa, na kuanzia hapo hadi saa kumi jioni bahari yote itakuwa inapanda mto dhidi yake, upepo wa mchana ukiongeza yake. Akiamua kungoja maji yageuke, kiza kitamkuta kwenye mikoko.

Katika maji mafu hesabu hukaa sawa. Maji yatajaa karibu saa nne, wakati msafiri ndipo anapokaribia sehemu ya chini, na kuanzia hapo yataanza kupwa taratibu pamoja naye mpaka saa kumi. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, siku za kulenga ni kati ya siku ya sita na ya nane tangu mwezi uandame, au kati ya siku ya ishirini na moja na ya ishirini na tatu. Hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Mtwara, huku ukikumbuka kwamba jedwali linasema habari za bandarini, na kwamba maji huchelewa kujaa kadiri unavyoingia ndani ya mto. Wenye kujua kuchelewa huko ni wanaovusha watu Kilambo. Kivuko cha hapo kwa miaka mingi kimetegemea maji kujaa ili kivuke, na hiyo peke yake ni ushahidi kwamba bahari hufika mpaka pale. Nenda siku moja kabla, waulize, na uandike jibu lao.

Urefu wa safari upime mwenyewe kwenye picha ya setilaiti, ukifuata mizunguko ya mkondo na si mstari ulionyooka, kwa kuwa mafungu ya mchanga huhama kila masika na ramani ya zamani haiaminiki. Kasi ya mto pia ipime: tupa kijiti majini, tembea ukingoni sambamba nacho kwa mita 100, na uangalie saa. Kikichukua dakika mbili, mkondo unakwenda kilomita 3 kwa saa. Tuseme umepima kilomita 30, unapiga kafi kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa na mkondo unakuongezea 2. Hizo ni saa nne na robo za kupiga kafi. Ongeza dakika kumi za kupumzika kila saa, nusu saa ya chakula, na robo ya jumla yote kwa ajili ya kunasa mchangani, kuwapisha viboko na kujieleza kwa askari, na utapata karibu saa saba. Ukianza saa moja asubuhi utamaliza saa nane mchana, maji yakiwa bado yana saa mbili za kupwa. Ikiwa hesabu yako inakupeleka kupita saa tisa alasiri, sogeza mahali pa kuanzia karibu zaidi na bahari. Usisogeze saa ya kuondoka nyuma kwenye giza, kwa sababu alfajiri ndiyo saa ambayo viboko hurudi majini kutoka malishoni.

Chombo na mzigo

Kayaki ya baharini yenye urefu wa mita 5 hivi na upana wa sentimita 55 hadi 60 inafaa, mradi iwe na vyumba viwili visivyoingiza maji, kimoja omo, yaani mbele, na kingine tezi, yaani nyuma, na kisukani kinachoweza kupandishwa. Kisukani kisichopanda kitavunjika kwenye fungu la kwanza. Nyembamba zaidi ya hapo huenda kasi lakini huyumba, na huu si mto wa kujifunzia kutoyumba. Sketi ya kufunika tundu la kukalia ichukuliwe, ila ifungwe sehemu ya chini tu ambako kuna mawimbi. Kwenye mto mtupu, ambako huenda ukahitaji kutoka haraka, iache imekunjwa.

Jaketi okozi livaliwe tangu kuingia majini hadi kutoka, likiwa limefungwa, na filimbi iwe imening'inia juu yake. Kwa kila kayaki mbili pawepo kafi moja ya akiba. Kila mtu awe na upo au pampu ya kukumbia maji, kamba ya kukokotea, kisu, na tochi ya kichwani hata kama anatarajia kumaliza mchana. Maji ya kunywa yasipungue lita 5 kwa mtu, na usitegemee kuyachota njiani, kwa kuwa chini ni ya chumvi, juu ni ya tope, na kuinama ukingoni kuchota ndiyo nafasi anayoingojea mamba. Weka pakiti kadhaa za chumvi za kuongeza maji mwilini. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: korosho, ndizi, mihogo ya kuchemsha, chapati zilizokunjwa. Jua la mtoni hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji, kwa hiyo shati la mikono mirefu na kofia pana vinafaa kuliko mafuta ya kupaka, na kikoi kilicholoweshwa kikatupwa shingoni kinafaa kuliko vyote.

Simu iwe ndani ya pochi isiyopitisha maji, na kumbuka kwamba karibu na mpaka inaweza kunasa mtandao wa Msumbiji na kula salio lako lote. Chagua mtandao wa Tanzania kwa mkono kabla ya kuondoka.

Usisafiri bila mashua ya injini ya kusindikiza, yenye nahodha anayeishi kwenye mto huo. Wapenda kayaki wengine huona jambo hili linapunguza ladha ya safari, na huenda linapunguza kweli. Hata hivyo mwenye kayaki amekaa kwenye usawa wa maji, na mamba mkubwa wa Ruvuma si mfupi sana kuliko chombo chake. Nahodha huyo anajua kundi la viboko limelala wapi wiki hii, fungu gani limehama, na nani amesimamia ulinzi mbele. Mlipe siku nzima, mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na akiba, na mkubaliane bei kabla, mbele ya mtendaji au mwenyekiti wa kijiji.

Mazoezi ya kupinduka yafanyike wiki kadhaa kabla, kwenye maji tulivu ya ghuba ya Mikindani au ufukwe wa Shangani, kamwe si mtoni. Kila mtu apinduke kwa makusudi, atoke chini ya chombo, na ashike kayaki yake bila kuiacha. Mwenzake aje mpaka kayaki mbili zikutane kwa umbo la herufi T, anyanyue omo ya iliyopinduka na kuipandisha juu ya sitaha yake ili maji yamwagike, aigeuze, kisha aiweke sambamba na yake na kuikumbatia kwa mikono miwili huku aliyeanguka akipanda kwa kulalia tumbo. Anayeweza kuyamaliza hayo kwa dakika mbili au tatu yuko tayari. Lakini zoezi hili ni la maji ya chumvi na la dharura ya mwisho. Mtoni anayeanguka apande mara moja juu ya tumbo la kayaki iliyopinduka au kwenye mashua ya kusindikiza, na chombo kishughulikiwe baadaye.

Siku yenyewe

Kayaki zisafirishwe juu ya pikapu, zikiwa zimelazwa juu ya magodoro na kufungwa omo na tezi, na zifike kijijini jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi wasalimie wazee wa diko, yaani mahali vyombo vinapofikia ukingoni, kabla ya kugusa maji. Shikamoo inayotolewa kwa utulivu, ikifuatwa na maelezo ya mnakokwenda na nani amewaruhusu, hufungua habari ambazo hakuna ofisi itakayokupa: wavu umetegwa wapi, mamba ameonekana wapi, maji ya jana yalikuwaje. Ingieni majini pale wanakijiji wanapopakilia mitumbwi yao, kwenye mchanga ulio wazi, si chini ya ukingo mrefu wenye majani. Kukiwa na ukungu, ngojeni uondoke.

Mashua itangulie, kayaki zifuate kwa mstari, na nafasi kati ya moja na nyingine iwe ile ambayo sauti ya kawaida inasikika. Mwenye uzoefu mkubwa awe wa mwisho.

Kusoma mto wenye mchanga kunahitaji macho ya mbele, mita mia moja au mia mbili. Mkondo wa kina hukaa upande wa nje wa kila kona, chini ya ukingo uliokatika, kisha huvuka mto kwa mshazari kuelekea kona inayofuata. Maji yenye kina huonekana meusi kidogo na yenye mawimbi ya mpangilio. Maji membamba huwa na uso laini unaometa au vijiwimbi vya haraka vinavyotetemeka. Mkondo unapogawanyika, chagua ule unaobeba maji mengi hata kama ni wa mzunguko, kwa kuwa njia fupi mara nyingi huishia kwenye mchanga. Hapa mpaka hurudi tena kuwa tatizo, kwa sababu mkondo wa kina unaweza kuhamia ukingo wa kusini kabisa. Jambo hili lizungumzwe na askari na nahodha kabla ya kuondoka. Wakisema msifuate mkondo huo, shukeni kwenye fungu lililo upande wa Tanzania na kuzikokota kayaki juu ya mchanga, ingawa ni kazi ya kuchosha.

Kiboko ni hatari kuliko mamba kwa mtu aliye ndani ya chombo, na kanuni yake ni moja: aachiwe maji ya kina. Akishtuka hukimbilia kina, na anayesimama kati yake na kina ndiye anayeumizwa. Kwa hiyo mkikaribia dimbwi au kona yenye viboko, sogeeni kwenye maji membamba ya upande wa pili, gonga ubavu wa kayaki kwa kafi mara kwa mara ili walio chini waibuke na kujionyesha, hesabuni vichwa, na msipite mpaka vichwa vyote vimeonekana mahali pamoja. Kiboko anayepiga miayo hana usingizi, anaonya. Anayezama akiwaelekea, na mapovu yakaonekana yanasogea, ni ishara ya kukimbilia ukingo bila kungoja ushauri. Pasipo nafasi ya kupita, ngojeni, au mbebe kayaki nchi kavu. Robo ya muda mliyoiongeza kwenye hesabu iliwekwa kwa ajili ya saa kama hii.

Kuhusu mamba, mikono na miguu isiachwe ikining'inia majini, na hakuna kuoga, hata pale ambapo watoto wa kijiji wanaoga. Pumzikeni kwenye mafungu mapana yaliyo wazi pande zote, mbali na majani na mbali na ukingo wenye njia za kuteleza zilizolowa. Shukeni haraka, vuteni kayaki mpaka hatua kadhaa kutoka majini, na mle mkiwa mmekaa juu. Maji yaliyotulia kwenye vidimbwi vya pembeni yana hatari yake nyingine, ambayo ni kichocho, na haionekani kwa macho.

Nyavu zilizotandazwa zipiteni kwenye ncha yake na si juu yake, na mwenye wavu asalimiwe. Sehemu ya chini mtakuta nyando za kunasia samaki zimesimamishwa matopeni. Maji yakijaa miti yake huzama, ikabaki vichwa tu, na kichwa cha mti kinaweza kutoboa kayaki.

Kilambo simameni, hata kama hamjachoka. Toeni taarifa, linganisheni saa na hesabu yenu, na mtazame maji: yanapanda, yamesimama au yameanza kupwa? Mkiwa mmechelewa kwa zaidi ya saa moja na nusu, safari iishie hapo, kwa kuwa kuna barabara na gari linaweza kuwachukua, ambapo chini zaidi barabara ni za taabu. Mkiwa kwenye saa zenu, ngojeni maji yageuke ndipo mwendelee.

Kuanzia hapo mikoko itawaeleza mlipo. Mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo humea pale ambapo maji matamu bado yana nguvu. Mikoko yenye mizizi ya kupinda inapotawala kingo zote mbili, chumvi imeshaingia. Mililana, yenye mizizi inayochomoza wima kutoka matopeni, husimama mbele kabisa kuelekea bahari, na mkiiona imeanza kuwa mingi fungeni sketi, kwa sababu mawimbi hayako mbali. Alama ya tope kwenye mashina huonyesha maji yalipanda mpaka wapi, na umbali kati ya alama hiyo na maji ya sasa utawaambia yamepwa kiasi gani. Msiingie kwenye vijito vya pembeni kutafuta kivuli: maji yakipwa, kijito hubaki tope la kiunoni.

Msitoke nje ya maingilio. Maji ya mto yanayotoka hukutana na mawimbi ya kusi juu ya mafungu ya mchanga, na mawimbi hayo husimama na kuvunjika bila mpangilio hata siku ambayo bahari ya mbele inaonekana shwari. Malizeni kwenye diko la ukingo wa kaskazini mlilolikubaliana na kijiji, ndani ya maingilio, wakati bado kuna maji ya kufikia mchanga mgumu. Anayetaka kuona bahari anaweza kufika Msimbati na ufukwe wa Ruvula kwa gari siku ya pili.

Kabla ya kufungua chakula, mmoja wenu ampigie simu au amfuate kila aliyepewa taarifa ya safari: mtendaji wa kijiji mlichoanzia, walinzi wa mto, Kilambo, hifadhi. Waliowaruhusu wanawahesabu, na jina lisiloripotiwa kufika linaweza kuwatoa askari na wavuvi usiku kumtafuta mtu aliyeshalala Mtwara mjini. Kisha osha kayaki na kisukani chake kwa maji baridi yasiyo na chumvi, fungua vyumba vyote vikauke, na mlipe nahodha sehemu iliyobaki pamoja na mafuta ya kurudia, kwa kuwa yeye atapanda mto na maji yatakayoanza kujaa baada ya saa kumi, na anahitaji kuyawahi.